Fidla Zilikuwa Ngapi?

Kwa zaidi ya miaka 20 niliamini kwamba katika wimbo mmoja wa taarab, nilioupenda kuliko nyimbo zote, mlikuwa na fidla moja tu, nene, iliyolia kama mtu mwenye mafua. Niliamini pia kwamba baina ya ubeti wa pili na wa tatu palikuwa na ala ya ajabu, mfano wa baragumu, iliyopiga noti moja ndefu kisha ikanyamaza isirudi tena. Na niliamini kwamba mwimbaji, katika kituo cha ubeti wa tatu, alisema “kusumbua”. Yote matatu hayakuwa kweli. Fidla zilikuwa nne, pengine zaidi. Baragumu lilikuwa honi ya garimoshi katika stesheni ya Kilosa. Na neno lilikuwa “kufumbua”. Makosa mawili ya mwanzo ni ya kuchekesha. La tatu nililitia katika tafsiri, tafsiri ikapigwa chapa, na wako watu walioisoma na kuisadiki.

Nayaleta haya kwa sababu yanagusa jambo ambalo wahakiki wetu hulipita kimya. Taarab tunayoihakiki aghalabu si taarab bali ni rekodi ya taarab. Na rekodi moja na nyingine, chombo kimoja na kingine, nyumba moja na nyingine, hazimpi msikilizaji wimbo ule ule. Tunaandika juu ya vina na mizani, juu ya fumbo na jazanda, kana kwamba tuliketi safu ya mbele ukumbini tukiwa na noti ya kutunza mkononi. Wengi wetu hatukuwapo. Mimi hasa sikuwapo, maana sehemu kubwa ya maisha yangu ya kusikiliza nimeiishi bara, mahali ambapo hapakuwa na bahari ila ya mkonge.

Nililetwa Kilosa mwaka 1984, kijana wa Unguja asiyejua mlima, kukaa na ami yangu aliyekuwa karani wa reli. Msomaji wa pwani ambaye hajafika huko ajue kwamba Kilosa ni mji wa stesheni katika Reli ya Kati, kandokando ya Mto Mkondoa, milima ikiwa mgongoni na mashamba ya katani upande wa Kimamba. Shule niliiacha mapema. Kilichonifundisha mizani ni redio ya ami. Mchana Unguja ilikuwa mbali. Lakini usiku mawimbi ya kati hudundwa na tabaka la juu la anga, na stesheni za mbali huja hadi mlangoni, zikipanda na kushuka kama mtu asemaye huku akitembea. Kwa njia hiyo Sauti ya Tanzania Zanzibar ilitufikia, nasi tuliisikiliza kwa adabu ya msikitini.

Kanda ninayoisema ami aliirekodi kabla sijafika. Hakuwa na waya wa kuunganisha vyombo, kwa hivyo aliazima redio-kaseti, akaiweka uso kwa uso na redio yake juu ya meza, akawaamuru watu wa nyumbani wasikohoe, akabonyeza. Hesabu vizuizi, ndugu msomaji. Kwanza studio, yenye maikrofoni chache, mwimbaji akiwekwa mbele na wapigaji nyuma yake. Kisha kanda kubwa ya studio. Kisha mtambo wa kurushia matangazo: katika mawimbi ya kati stesheni zetu hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 9, na kwa hivyo sauti ya kila moja haiwezi kwenda mbali kupita mitetemo 4,500 hivi kwa sekunde, ilhali sikio la kijana mzima husikia hadi karibu 20,000. Kisha anga. Kisha spika ndogo ya redio, hewa ya chumba, maikrofoni ya ile redio-kaseti, na mwisho kaseti ya dakika 90, yenye utepe mwembamba, ambayo ilikwisha kurekodiwa mambo mengine mara mbili tatu. Kilichobakia baada ya safari hiyo ndicho kilichokuwa taarab yangu.

Na kilichobakia hakikuwa kidogo. Hili nataka nilikiri mapema, kwa kuwa sipendi kuwa miongoni mwa watu wanaozidharau kanda zilizowalea. Sauti ya mwanadamu katika nguvu zake nyingi hukaa chini ya ile mitetemo 4,500. Irabu zetu, ambazo Kiswahili kimezijaza karibu katika kila silabi, zote zimo humo. Kina husikika. Mizani huhesabika. Mtu anaweza kujifunza utenzi na shairi kwa redio mbovu, nami ni shahidi. Lakini irabu ndizo zinazosalimika. Konsonanti ndizo zinazozama. Nguvu ya sauti ya “s” iko juu, kupita mahali redio ile inapokata, na “f” ni pumzi dhaifu iliyotawanyika. Ukiyakata yote mawili kichwa, miili inafanana. Ndiyo maana kwenye simu ya zamani mtu akikutajia jina ulilazimika kuuliza, “S ya Salma au F ya Fatma?” Lugha yenye “sumbua” na “fumbua”, zenye mizani moja na kina kimoja, haina kinga yoyote katika hali hiyo. Sheria za ushairi, ambazo hutuonyesha neno lililoharibika kwa kulikuta limevunja mizani, hapa zilinyamaza, kwa kuwa maneno yote mawili yalikaa sawa.

Haya ni ya maneno. Ya okestra ni makubwa zaidi.

Mtu anayesikiliza simfonia ya Beethoven kwenye redio mbovu hupoteza mengi, lakini jengo lenyewe hulipata. Muziki ule umejengwa kwa sauti tofauti zinazopandana kama ghorofa: hawa wanapiga hiki, wale wanapiga kile, na hata ukiufunika kwa blanketi bado unatambua kwamba ghorofa zipo. Nilizisikia simfonia hizo Kilosa, usiku, katika stesheni za Ulaya, na sidhani nilidhulumiwa sana. Taarab ya firka haikujengwa hivyo. Fidla, ganuni, udi, nai na kodiani zote hufuata ghani moja. Utajiri wake hauko katika ghorofa bali katika tofauti ndogondogo za watu wanaopita njia moja: huyu anaiteleza noti kabla ya kuifikia, yule anaitetemesha, mwenye ganuni anaivunja vipande vinane, mwenye kodiani anaishikilia tu. Wapigaji 20 wanasema jambo moja kwa lafudhi 20. Sasa lile linalotuwezesha kutofautisha fidla na nai, au fidla ya kwanza na ya tatu, ni mambo mawili: namna noti inavyoanza, na ile mitetemo ya juu inayoambatana nayo. Ndivyo vitu viwili ambavyo redio ya mawimbi ya kati na utepe mwembamba huviharibu kwanza. Kwa hivyo rekodi mbovu haiifanyi taarab ya okestra iwe hafifu kidogo tu. Huifanya iwe kitu kingine. Hugeuza jamaa ya watu 20 ikawa mtu mmoja mwenye mafua.

Ongeza juu ya hayo mwendo wa kaseti. Betri zikichoka, kaseti hupunguza kasi. Ikipunguza kwa asilimia 3, sauti yote hushuka kwa robo ya daraja. Ikishuka yote pamoja si neno, sikio litasamehe. Tatizo ni kwamba haishuki pamoja, huyumba. Na hiyo robo ndiyo ileile ambayo kwayo maqamu za Rast na Bayati hujitenga na ngazi za piano. Kwa miaka mingi sikuweza kujua, katika noti fulani ya wimbo wangu, kama ni mpiga fidla aliyeigusa robo kwa makusudi au ni betri za ami.

Si haki kuyatupia lawama yote haya mashine za kwetu. Tangu mwanzo taarab imeishi na mipaka ya vyombo. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu na kitu tu, kwa hivyo nyimbo zilizokuwa zikiendelea ukumbini muda mrefu zilibidi zikatwe kwa kipimo cha santuri. Lakini kundi lile lilikuwa dogo, udi na fidla na ngoma za mkono, na rekodi za wakati ule, ijapokuwa nyembamba, zililitosha. Maikrofoni ya umeme ilikuwa imeingia katika kazi hiyo miaka mitatu tu nyuma. Ikhwani Safaa walikuwapo tangu 1905; ila yale makundi makubwa ya fidla kwa safu, yaliyofuata mfano wa Kairo, yalikua sana baadaye, na Kairo yenyewe ilifika kwetu kwa santuri, kwa filamu na kwa redio. Wazee wa Unguja waliomsikiliza Umm Kulthum katika matangazo yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi waliisikiliza okestra kubwa kuliko zote za Kiarabu kupitia tundu lile lile dogo. Wapigaji wetu wengi walijifunza humo. Nathubutu kudhani kwamba baadhi ya mambo tunayoyaita mtindo wa Unguja ni namna sikio hodari lilivyolijaza lile ambalo redio haikulileta. Dhana tu; sina ushahidi, na mwenye ushahidi nitafurahi kumsoma.

Naja sasa Mikumi. Ni mwendo wa saa kadhaa kutoka Kilosa kwa gari, mji wa njia kuu iendayo Mbeya na Zambia, mbuga upande mmoja, magari ya mizigo usiku kucha. Hapo anakaa rafiki yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa Tanga kwa asili, ambaye alipopata kiinua mgongo chake hakununua shamba. Alinunua amplifaya, chombo cha CD na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Mkewe hadi leo huziita “wake wenza”. Nilikwenda kumwamkia, akanikalisha mahali alipopachora kwa chaki sakafuni, akaweka CD iliyokusanya kanda za zamani za redio. Wimbo wa nne ulikuwa wangu. Si wimbo uliopigwa upya: ni usiku ule ule wa studio, mwimbaji yule yule, kanda ile ile kubwa, ila imetolewa ghalani, ikasafishwa kwa uangalifu, ikafika masikioni bila ya anga na bila ya meza ya ami. Ni nadra mtu kupata majaribio safi namna hiyo. Hakuna kilichobadilika ila njia.

Jambo la kwanza nililolisikia ni chumba. Sikuwa najua kwamba studio ina kuta. Kisha fidla zikaanza na nikashika mkono wa mwalimu, maana zilikuwa watu. Mmoja alikuwa mwepesi kuliko wenziwe, anafika kabla yao kwa kiasi cha kope. Mwingine, upande wa kulia nadhani, ana upinde mzito unaokwaruza. Kulikuwa na chelo, ambayo kwenye kanda yangu ilikuwa mngurumo wa redio tu. Na besi kubwa ya kusimama: uzi wake mzito kabisa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuutamka, sikio huukisia kutokana na mitetemo iliyo juu yake, na hukisia vizuri hata mtu akaapa kwamba ameusikia. Mimi niliapa miaka yote hiyo. Kuusikia hasa ni jambo jingine, unauhisi kwenye benchi ulilokalia. Ubeti wa pili ukaisha. Nikangoja baragumu. Halikuja. Palikuwa na kimya cha kipigo kimoja, ganuni ikashuka ngazi, basi. Nilihuzunika kuliko ninavyoweza kueleza. Baadaye nilimuuliza mjane wa ami, akacheka hadi akashika mbavu: “Hilo la mizigo hilo, mwanangu! Lilikuwa likituamsha kila usiku.” Nilikaa karibu na stesheni hiyo miaka na miaka, nikaisikia honi hiyo kila siku, na sikuitambua kandani kwa kuwa sikio langu lilikwisha kuipa kazi katika okestra.

Kisha ukaja ubeti wa tatu, na “kufumbua”.

Wimbo wenyewe sitautaja, kwa kuwa mwenye sauti hana kosa na sitaki jina lake lifuatane na kosa langu. Yatosha kusema kwamba katika tafsiri yangu ya Kiingereza nilimfanya anung’unike: mpenzi wake hachoki kumsumbua. Niliona kwamba kituo hicho ni dhaifu kidogo, malalamiko ya kawaida baada ya beti mbili nzuri, hata katika maelezo ya chini nikaandika kwa kiburi kwamba mtunzi amechoka hapo. Kumbe aliyechoka ni utepe. Mwenye kusema anasema kwamba mpenzi hachoki kumfumbua, kama mtu afumbuavyo jicho, kiganja, fumbo. Beti mbili za mwanzo zimefumbwa, na la tatu linamwambia msikilizaji kwamba zimefumbwa na kwamba yuko mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuzifungua. Huo ndio wimbo. Mimi nilitafsiri wimbo mwingine.

Na hapa ndipo okestra inaponishtaki. Maana hata kama nisingelisikia neno, ningeliweza kuambiwa na fidla. Baada ya neno hilo fidla zinajibu, na jawabu lao halifungi. Linapanda, linasimama juu ya noti isiyo ya nyumbani, chelo inauliza swali lile lile kwa sauti ya chini, kisha ndipo wote wanarudi polepole, mmoja baada ya mwingine, kama vidole vinavyokunjuka. Hakuna mtu anayepiga hivyo baada ya malalamiko. Mtungaji wa ghani alilisoma shairi kabla ya kulivika muziki, na jawabu lile ni ufafanuzi wake. Katika kanda ya Kilosa jawabu hilo lilikuwa uvumi wa sekunde tisa ambao niliuona kuwa ni mapumziko ya mwimbaji. Sisi tuliokulia kwenye kanda tulizoea kuiona okestra kuwa ni jukwaa ambalo shairi husimama juu yake. Tulizoea hivyo kwa sababu hatukuweza kuisikia ikisema.

Ushahidi wa mazoea hayo ni bashrafu. Ukumbini bashrafu hutangulia, ala tupu bila maneno. Kwenye kaseti za kunakiliwa zilizokuja bara bashrafu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa ili nyimbo sita zienee upande mmoja, na hakuna mnunuzi niliyemsikia akilalamika. Angelalamikia nini? Kwenye spika ile ilikuwa kelele tamu isiyo na mtu ndani. Culture Musical Club walipotoa CD nzima ya bashrafu mwaka 2000, niliinunua kwa wajibu zaidi kuliko kwa hamu. Leo ndiyo ninayoipenda kuliko zote walizotoa, na sikuipenda hadi nilipoisikiliza Mikumi. Nyumbani kwangu ilikuwa inachosha. Ni CD ile ile. Kadhalika zile rekodi ambazo GlobeStyle wa London walizitoa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ile ya mwaka 2005 ya kuadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa iliyoanzisha mfululizo wa Zanzibara huko Ufaransa: zimewafikia wasikilizaji wa Paris na Tokyo zikiwa na fidla zao zote, ilhali mjini Kilosa zilifika zikiwa nakala ya nakala. Wageni wametusikia vizuri kuliko tulivyojisikia. Silisemi kwa uchungu, nalisema kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Hata hivyo usafi nao una dhuluma yake. Nimesikia santuri za zamani zilizohamishwa na watu waliouchukia mchakacho kiasi cha kuufuta wote, na pamoja nao wakafuta pumzi ya mwimbaji, mguso wa ukucha kwenye uzi wa udi, na zile “s” na “f” ambazo kwa bahati zilikuwa zimesalimika miaka 80. Sauti inatoka laini kama mtu aliyenyolewa nyusi. Mimi nikilazimishwa kuchagua nitachagua mchakacho. Sikio hujua kuchungulia nyuma ya mchakacho, kama tunavyosikilizana sokoni. Lakini haliwezi kuchungulia nyuma ya kilichofutwa.

Na nyumba nayo ni sehemu ya rekodi, ingawa haiuzwi pamoja nayo. Spika za mwalimu hazifui dafu baada ya saa nne usiku, malori yanapobadilisha gia kuupanda mji. Mngurumo wao uko pale pale besi ilipo, na besi hushindwa. Kilosa kwangu ni kimya, ila paa ni la bati, na masika yakinyesha hata Umm Kulthum mwenyewe angelisubiri.

Vijana wa kituo cha mabasi cha Mikumi wanaosikiliza kwa simu wako katika hali nyingine kabisa. Kuna banda hapo nilipokwenda kutiliwa nyimbo kwenye memori kadi, nyimbo mia moja kwa bei ya chai na chapati. Kijana alinionyesha taarab zake za zamani, amezibana ziwe ndogo ili nyingi zienee. Kubana huko hufanywa kwa kutupa yale ambayo programu inadhani sikio halitayaona, na ikibanwa sana hukisia vibaya: vibati vya rika, ambavyo katika firka ndivyo vinavyoshona mdundo, viligeuka kuwa maji yanayochemka. Lakini alipoweka rusha roho ya kinanda cha umeme, simu ile ile ikalia safi. Nikasimama pale nikifikiri. Kinanda cha umeme huingia katika rekodi kwa waya, hakihitaji chumba wala maikrofoni. Sauti yake haina watu 20 wa kuchanganyika. Ni ya mtu mmoja tangu mwanzo, na spika mbovu haina cha kumpokonya. Tunapoeleza kwa nini kuanzia miaka ya 1990 vinanda viliziondoa fidla, husema gharama, na ni kweli, kundi dogo hulisha midomo michache. Nadhani lakini kwamba kulikuwa na sababu ya pili. Hadhira ya bara na ya mitaani ilikuwa imekwisha kuzoezwa na kaseti kwamba fidla ni ukungu. Walipoletewa taarab isiyo na ukungu, waliona wameletewa kitu kizuri zaidi, na kwa vyombo walivyokuwa navyo walikuwa na haki.

Nilipomweleza mwalimu haya alinikatiza. “Usitugeuze wachawi wa mashine, bwana,” alisema. “Wewe uliipenda taarab kwa ile kanda, si kwa spika zangu.” Ni kweli, na sina jibu zima. Mapenzi yalitosha kwa kanda, tafsiri haikutosha. Mpenzi anaruhusiwa kusikia anachokitaka, mfasiri haruhusiwi. Kwa hiyo ninaloliomba kwa wenzangu wanaoandika katika kurasa hizi ni dogo: atakayehakiki wimbo aseme ameusikia wapi. Ukumbini, kwenye CD, kwenye kaseti ya nakala ya ngapi, kwenye simu. Mwanachuoni wa hati za kale hathubutu kuchapisha utenzi bila kueleza ni hati ipi aliyoisoma na kurasa zipi zimeliwa na mchwa. Sisi tumenukuu nyimbo miaka mingi kutoka hati zilizoliwa na mchwa, na hatukusema.

Kanda ya ami ninayo bado. Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yaliyozing’oa reli yaliingia pia nyumbani kwetu, nikapoteza kanda zaidi ya 60. Nyingine nilizianika uani kama dagaa na bado zilifia ndani ya mashine. Hiyo moja ilikuwa ndani ya redio-kaseti, juu ya kabati. Niliporudi kutoka Mikumi niliitia, nikaisogeza hadi ubeti wa tatu. Nikasikia “kufumbua”. Wazi kabisa, “f” yake kama pumzi juu ya mshumaa. Nikarudisha nyuma, “kufumbua” tena. Nikajilazimisha kusikia lile neno la zamani, lile nililolitafsiri, nisiweze. Kandani hamna hiyo “f”, nimekwisha kueleza kwa nini haiwezi kuwamo. Lakini mimi naisikia.

Nikamwita mke wangu, ambaye hajaisikia CD ya mwalimu. Nikamwomba aniambie mwimbaji anasema nini pale. Akafuta mikono, akainama karibu na spika, akasikiliza mara mbili.

“Kusumbua,” akasema. Kisha akaniangalia. “Na treni hiyo ilikuwa ikienda wapi?”